Usinunue mbuzi kwenye gunia: vinasaba, seli za misuli na nyama ya kukuzwa maabara

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya wafanyabiashara wadogo, mama lishe, wauza bucha na wafugaji. Linaweza kusomwa na mtu mmoja, lakini litafaa zaidi likisomwa katika kikundi, kwa sababu ndani yake kuna zoezi na maswali ya kujadili. Litachukua muda wa saa moja na nusu hivi.

Kwa nini tunajifunza jambo hili?

Katika maeneo ya Kariakoo, Ilala na katikati ya jiji la Dar es Salaam, nyama ya ng'ombe ni chakula na pia ni ajira. Mwenye bucha anaitegemea. Mama lishe anayepika mchuzi wa mchana anaitegemea. Kijana anayechoma mishkaki jioni, mzee anayeuza supu ya makongoro alfajiri, mchuna ngozi, mpakiaji, dereva na dalali wa mnadani, wote wanakula kutokana na ng'ombe mmoja.

Siku hizi watu wengi wamesikia kwamba nchi za nje kuna nyama inayokuzwa maabara bila kuchinja mnyama. Wengine husema ni nyama ya plastiki. Wengine husema ndani ya miaka michache bucha zote zitafungwa. Wengine hutetea kwamba hiyo ndiyo dawa ya njaa duniani. Tunaona ni vizuri kuelewa jambo lenyewe kabla ya kulikubali au kulikataa. Wahenga wa mitaani wanatuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Katika somo hili tutafungua gunia na kuangalia kilichomo.

Baada ya somo hili tutaweza:

- kueleza seli shina ya misuli ni kitu gani
- kueleza jinsi kipimo cha vinasaba kinavyosaidia kuchagua seli zinazofaa
- kutofautisha habari za kweli na uvumi
- kujadili nani anaweza kufaidika na nani anaweza kuumia.

Ng'ombe wetu wanatoka wapi?

Jina Kariakoo linatokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao walikuwa na kambi katika eneo hilo, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua moto, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali. Kwa hiyo watu wa Kariakoo wanajua vizuri kwamba riziki inaweza kutikisika ghafla.

Nyama inayoliwa hapa husafiri mbali. Ng'ombe hutoka mikoa kama Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Mwanza. Hufikishwa kwenye mnada wa Pugu, na wengi huchinjwa katika machinjio ya Vingunguti. Kutoka hapo nyama hupelekwa bucha. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika.

Wengi wao ni Zebu wa pembe fupi wenye nundu. Ndani ya jamii hiyo kuna koo mbalimbali, kama ng'ombe wa Wamasai, wa Wagogo, Iringa nyekundu na Singida nyeupe. Kagera kuna Ankole wenye pembe ndefu. Pia kuna jamii ya Mpwapwa, iliyopatikana katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, mkoani Dodoma, kwa kuchanganya damu ya ng'ombe wa hapa na wa kutoka nje.

Mnunuzi wa Pugu humchagua ng'ombe kwa macho na mikono. Hutazama mgongo, hushika nundu, hukagua meno, humwona akitembea. Huo ni ujuzi wa kweli, nao umelisha jiji kwa miaka mingi. Lakini jicho haliwezi kuona kilichomo ndani ya seli.

Seli shina ya misuli ni nini?

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Seli ni ndogo sana, huonekana kwa hadubini tu. Steki tunayonunua bucha ni misuli, na misuli ni nyuzi ndefu zilizotokana na seli nyingi zilizoungana.

Seli za misuli zilizokwisha kukomaa haziongezeki tena. Basi ng'ombe akijeruhiwa, msuli wake unaponaje? Mwaka 1961 mwanasayansi wa Marekani aliyeitwa Alexander Mauro alipokuwa akichunguza misuli ya chura aliona seli ndogo zilizojibanza kando ya nyuzi za msuli. Baadaye ilifahamika kwamba hizo ndizo fundi wa akiba. Wakati wote hulala. Msuli ukiumia huamka, huongezeka, kisha huungana na kutengeneza nyuzi mpya. Hizi tunaziita seli shina za misuli, kwa sababu kutoka kwake huchipuka seli nyingine, kama machipukizi kwenye shina la mgomba.

Wanaokuza nyama maabara wanatumia uwezo huo. Hatua zake kwa kifupi ni hizi:

1. Ng'ombe huchomwa ganzi, kisha hukatwa kipande kidogo sana cha msuli, hata nusu gramu hivi. Ng'ombe hubaki hai. Kipande kinaweza pia kuchukuliwa kwa mnyama aliyekwisha chinjwa, kikiwahiwa.
2. Kipande hicho hulainishwa kwa vimeng'enya ili seli ziachane.
3. Seli shina za misuli hutenganishwa na seli nyingine.
4. Huwekwa ndani ya maji yenye sukari, chumvi, protini na virutubisho vingine, katika joto linalokaribia joto la mwili wa ng'ombe, yaani nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi. Humo huongezeka.
5. Zikiwa nyingi, virutubisho hubadilishwa. Seli huacha kuongezeka, huungana na kuwa nyuzi za msuli.
6. Nyuzi hukusanywa, huchanganywa na mafuta na viungo, na hutengenezwa kama nyama ya kusaga.

Kwa hiyo si plastiki. Ni seli halisi za ng'ombe. Lakini pia si steki yenye mfupa, mafuta na mishipa kama tunayoijua. Kutengeneza pande nene ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ndani ya pande hilo hakuna mishipa ya damu ya kupeleka chakula na hewa katikati.

Hatua ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi katika somo hili. Ukikosea kuchagua seli, kazi yote inayofuata ni bure.

Kipimo cha vinasaba kinaonyesha nini?

Watu wa Dar es Salaam si wageni wa kipimo cha vinasaba. Wengi wamesikia habari za Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake hupima vinasaba pale watu wanapobishana kuhusu baba wa mtoto. Na wakati wa ugonjwa wa Uviko-19 wasafiri wengi walipimwa kwa njia ya kusoma chembe za urithi za kirusi. Sayansi inayotumika kwa ng'ombe ni ya aina hiyo hiyo.

Vinasaba ni kama kitabu kikubwa cha maelekezo kilichomo ndani ya kila seli. Maelekezo mafupi ndani ya kitabu hicho huitwa jeni. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba wamekisoma kitabu cha ng'ombe, wakitumia jike la jamii ya Hereford wa Marekani, na walikadiria kuwa kina jeni 22,000 hivi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Seli ya ngozi, seli ya ini na seli shina ya msuli wa ng'ombe mmoja zote zina kitabu kile kile. Tofauti yake ni kurasa zilizofunguliwa. Seli ya ini imefungua kurasa za ini. Seli ya msuli imefungua kurasa za msuli. Kwa sababu hiyo vipimo vinajibu maswali matatu tofauti.

Swali la kwanza: mnyama huyu ni nani? Hapa husomwa kitabu chenyewe. Kipimo huonyesha jamii ya ng'ombe, wazazi wake, na kama amerithi sifa fulani. Jibu ni lile lile ukipima nywele, damu au nyama.

Swali la pili: seli hii inafanya kazi gani? Hapa hutazamwa kurasa zilizofunguliwa. Jeni iitwayo Pax7 ikiwa inafanya kazi, ni dalili kwamba tuna seli shina ya msuli. Jeni iitwayo MyoD ikiwaka kwa nguvu, seli imeanza safari ya kuwa msuli. Ikifuata miojenini, seli iko karibu kuungana na wenzake na haitaongezeka tena. Baadhi ya seli pia hubeba alama za protini kwenye utando wao wa nje. Kuna mashine zinazotumia alama hizo, zikipakwa rangi inayong'aa, kutenganisha seli moja moja kwa kasi kubwa.

Swali la tatu: seli imebaki salama? Seli zikiongezeka mara nyingi, makosa yanaweza kuingia katika kunakili kitabu. Ng'ombe wa kawaida ana kromosomu 60. Wapimaji huhakikisha hesabu haijabadilika, na kwamba hakuna vijidudu vilivyojipenyeza. Kipimo hiki hurudiwa mara kwa mara.

Utaona basi kwamba kumpima ng'ombe peke yake hakutoshi. Ng'ombe anaweza kuwa wa ukoo bora, lakini seli zilizochukuliwa zikawa zimechanganyika, zimechoka au zimeharibika. Umri wake pia una maana, kwa kuwa mnyama kijana huwa na seli shina nyingi zaidi katika misuli yake kuliko mzee.

Zoezi: maharage na choroko

Zoezi hili litasaidia kikundi kuelewa kwa nini kuchagua ni muhimu. Mnahitaji maharage na choroko kidogo, na karatasi ya kuandikia.

Ndani ya kipande cha msuli kuna seli nyingine pia, hasa zile za tishu zinazoshikanisha nyama, ambazo hutengeneza utando na ile mishipa migumu tunayoitafuna bila kuisha. Seli hizo huweza kukua haraka kuliko seli shina za misuli. Maharage yawakilishe seli shina za misuli. Choroko iwakilishe zile nyingine.

Wekeni mezani maharage 9 na choroko 1. Tuseme, kwa mfano tu, maharage huongezeka mara mbili kila baada ya siku 2, na choroko huongezeka mara mbili kila siku. Ongezeni mbegu kwa kufuata kanuni hiyo:

- Mwanzo: maharage 9, choroko 1
- Siku ya 2: maharage 18, choroko 4
- Siku ya 4: maharage 36, choroko 16
- Siku ya 6: maharage 72, choroko 64
- Siku ya 8: maharage 144, choroko 256
- Siku ya 10: maharage 288, choroko 1,024

Tulianza na choroko moja tu katika mbegu kumi. Baada ya siku 10, choroko ni zaidi ya mara tatu ya maharage. Ulizeni kikundi: je, ingesaidia zaidi kuchambua siku ya kwanza au siku ya kumi? Mama anayechambua mchele kabla ya kuuinjika anajua jibu.

Sasa fanyeni hesabu nyingine. Seli moja nzuri ikiongezeka mara mbili kwa awamu 30, tutapata seli ngapi? Jibu ni zaidi ya bilioni moja. Ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kutoa nyama nyingi. Na ndiyo maana kosa dogo la mwanzo linaweza kuwa kubwa mno mwishoni.

Sifa nzuri kwa nani?

Mwaka 1997 wanasayansi waligundua kwa nini ng'ombe wa jamii ya Belgian Blue, kutoka Ubelgiji, wana misuli mikubwa kupita kiasi. Kuna jeni iitwayo mayostatini ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue mno. Kwa ng'ombe hao jeni hiyo imeharibika, na breki haishiki. Kipimo rahisi cha vinasaba kinaweza kuonyesha mnyama mwenye hali hiyo. Lakini majike wa jamii hiyo hupata shida kubwa kuzaa, na ndama wengi hutolewa kwa upasuaji. Mfugaji wa Kishapu au Kondoa angemfanyia nini ng'ombe wa namna hiyo, kilomita nyingi kutoka kwa daktari wa mifugo?

Zebu wetu amechaguliwa kwa vizazi vingi na watu waliojua kiu na kupe. Anavumilia jua, anatembea mbali kutafuta maji, na anapona pale ambapo ng'ombe wa kigeni angekufa. Ndani ya tangi la maabara hakuna kupe, hakuna jua wala ukame. Sifa ambazo babu zetu walizithamini zaidi hazina kazi humo. Maabara inatafuta seli inayoongezeka haraka, isiyochoka, na inayogeuka msuli vizuri.

Kwa hiyo tukisikia mtu anasema "seli bora" au "mbegu bora", tuulize mara moja: bora kwa nani, na kwa mazingira gani?

Nyama hii imefika wapi?

Tarehe 5 Agosti 2013, mjini London, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alionyesha kwa mara ya kwanza chapati ya nyama ya kusaga iliyotengenezwa kwa seli za ng'ombe. Ilijengwa kwa nyuzi ndogo za misuli 20,000 hivi. Gharama yake ilitajwa kuwa euro 250,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 500 kwa thamani ya wakati ule. Tangu hapo gharama imeshuka sana.

Desemba 2020 Singapore ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya maabara iuzwe. Ilikuwa ya kuku. Marekani iliruhusu kampuni mbili kuuza kuku wa namna hiyo mwezi Juni 2023. Januari 2024 Israel iliruhusu nyama ya ng'ombe iliyokuzwa maabara. Si wote walioipokea. Italia ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2023, na majimbo ya Florida na Alabama nchini Marekani yakafanya hivyo mwaka 2024. Afrika Kusini nako kuna kampuni zilizoanza kufanya kazi hii. Mwaka 2023 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yalitoa ripoti ya pamoja kuhusu usalama wa vyakula vinavyotokana na seli, ili kusaidia nchi kujiandaa.

Hapa Tanzania, kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Nyama yoyote ya namna hii ingepaswa kupita huko kwanza. Mtu akikuambia kwamba bucha ya jirani inauza nyama ya maabara, kumbuka bei yake na mitambo inayohitajika. Tangi lazima likae katika joto lile lile usiku na mchana, bila kijidudu hata kimoja. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na jenereta ikakataa kuwaka, kazi ya wiki nyingi inaharibika.

Maswali ya imani

Mteja wa Kariakoo hununua nyama akiwa na swali moja moyoni: aliyechinja ni nani, na amechinja vipi? Nyama isiyochinjwa inajibu vipi swali hilo?

Kwa Waislamu, kipande kilichokatwa kwa mnyama aliye hai huhesabiwa kama mzoga. Hivyo suala la seli zimetoka wapi si dogo. Mwezi Februari 2024 kamati ya fatwa ya Baraza la Kiislamu la Singapore, MUIS, ilisema nyama hiyo inaweza kuwa halali kwa masharti, miongoni mwake kwamba seli zitoke kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa, na kwamba bidhaa isiwe na kitu najisi. Wanazuoni wengine wanaendelea kulijadili.

Lipo pia suala la chakula cha seli. Kwa miaka mingi maabara zimetumia maji ya damu ya ndama aliye tumboni, yanayopatikana pale ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Waislamu wanauliza kuhusu damu. Wakristo wengi nao wanauliza kuhusu damu, na kuhusu kiumbe ambaye hajazaliwa. Na wafugaji wote wanajua hasara ya kuchinja ng'ombe mwenye mimba. Watafiti wamekuwa wakitafuta njia nyingine, na mwaka 2022 kundi la Uholanzi lilichapisha njia ya kugeuza seli za ng'ombe kuwa misuli bila kutumia maji hayo ya damu.

Tunashauri vikundi vyenye waumini wa dini mbalimbali visiogope mjadala huu. Waalikeni sheikh na mchungaji mkae pamoja. Msikilizane kwa heshima, na kila mmoja aachiwe uamuzi wa dhamiri yake.

Vipimo vya vinasaba vimekwisha fika kwetu

Tusidhani kwamba sayansi hii yote iko mbali. Mwaka 2016 mradi uitwao ADGG ulianza Tanzania na Ethiopia, ukiongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi. Hapa nchini ulishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI. Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa waliandikisha mifugo yao. Maziwa yalipimwa, na nywele za mkia zikachukuliwa kwa ajili ya vinasaba. Kwa kulinganisha rekodi za maziwa na vinasaba, iliwezekana kujua ni madume gani wanazaa majike wenye maziwa mengi katika mazingira ya mfugaji wa kawaida, si katika shamba la kitajiri la Ulaya. Mbegu za uhimilishaji huzalishwa katika kituo cha taifa cha NAIC, Usa River, mkoani Arusha.

Huko Nairobi, ILRI na wenzao wa Scotland walifanikiwa pia kupata ndama dume wa jamii ya Boran kutokana na seli zilizokuzwa maabara. Walimwita Tumaini. Lengo lao la mbali ni kupata ng'ombe anayestahimili ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o.

Angalieni tofauti. Mradi wa maziwa unatumia vipimo kumwongezea mfugaji thamani ya ng'ombe alionao. Kampuni ya nyama ya maabara inatumia vipimo kuhitaji ng'ombe wachache zaidi. Sayansi ni ile ile. Aliyeshika usukani ndiye anayeamua gari linakwenda wapi.

Nani anaweza kuumia?

Hatuoni sababu ya kuwatisha wauza bucha wa leo. Bei na mitambo bado ni kikwazo kikubwa. Isitoshe, ng'ombe kwa mfugaji si nyama tu. Ni maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, plau, mahari, ada ya shule na akiba ya siku ya ugonjwa. Tangi la maabara haliwezi kuvuta plau.

Lakini kuna mambo mawili ambayo tunaona yanahitaji macho.

La kwanza ni haki juu ya mbegu. Kipande cha nusu gramu kinaweza kuchukuliwa kwa ng'ombe wa mfugaji asiyejua maana yake, kikasafirishwa, na seli zake zikawa mali ya kampuni. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, unasema faida zinazotokana na rasilimali za urithi wa viumbe zigawanywe kwa haki na nchi na jamii zilikotoka. Mfugaji ambaye hajawahi kusikia habari hiyo hawezi kudai.

La pili ni kupotea kwa koo zetu. Kila mfugaji anapokimbilia damu ya kigeni, koo kama Iringa nyekundu na Singida nyeupe hupungua. Ukoo ukipotea, hakuna kipimo kitakachoweza kuurudisha, kwa maana kipimo husoma kilichopo tu.

Kwa hiyo tunapendekeza vikundi vifanye haya:

- Wafugaji waweke rekodi: wazazi, tarehe ya kuzaliwa, uzito, maziwa, magonjwa. Vinasaba bila rekodi havisemi mengi.
- Mtu akiomba sampuli ya damu, nywele au nyama ya mfugo wako, muulize ni ya kazi gani, inakwenda wapi, na nani atakuwa na haki juu ya matokeo. Omba maelezo hayo kwa maandishi, na mshirikishe ofisa mifugo.
- Wauza bucha walinde kile ambacho maabara haiwezi kukitoa kwa urahisi: nyama iliyopigwa muhuri, gogo safi, mizani ya kweli, na mteja anayejua nyama imetoka wapi.
- Viongozi wa dini na wa masoko wapate habari sahihi mapema, ili uvumi usije ukavunja biashara za watu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa maneno yako mwenyewe, eleza tofauti kati ya kumpima ng'ombe na kuipima seli. Kwa nini yote mawili yanahitajika?
2. Katika zoezi la maharage na choroko, nini kingetokea kama tungeanza na choroko 2?
3. Orodhesheni kazi zote zinazomtegemea ng'ombe mmoja kuanzia mnada wa Pugu hadi sahani ya mama lishe Kariakoo. Ni zipi zingebaki kama nyama ingekuzwa maabara? Zipi zingepotea?
4. Kama nyama ya maabara ingeuzwa kwa bei nafuu kuliko ya bucha, je, kikundi chenu kingeinunua? Mwenye bucha na mwenye njaa wajibu kwa zamu.
5. Mgeni amekuja kijijini kwenu na kuomba kipande kidogo cha msuli wa fahali wenu bora, kwa malipo ya shilingi 50,000. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kumjibu?

Swali la tano lifanyeni kama igizo, mmoja awe mgeni na mwingine mfugaji. Kisha badilishaneni nafasi, na mwandike pamoja maswali ambayo kikundi kimekubaliana kwamba ni lazima yaulizwe. Orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo wafugaji hukutana.